Tangazo la kubeti katikati ya ngoma za Santana

Nyota moja. Na hiyo moja nimetoa kwa vile mfumo wenu haukubali sifuri.

Nililipia kifurushi cha "bila matangazo" kwenye app yenu ya filamu, kile cha bei mbaya, kwa ajili ya kitu kimoja tu: filamu ya tamasha la muziki la Woodstock la 1969, kule Marekani. Marehemu mjomba alikuwa na kaseti yake, tuliisikiliza utotoni mpaka redio ikala utepe. Lakini wale watu sikuwahi kuwaona. Basi juzi kati, watoto wamelala, nikaunga simu kwenye TV, chai ya tangawizi mkononi.

Nikiri, mwanzo walinishika. Mwimbaji Richie Havens anafungua tamasha kwa sababu wenzake wamekwama kwenye foleni ya magari. Nyimbo zimemwishia, bado anarudishwa jukwaani, ndipo anakung'uta gitaa na kurudia neno moja, "Freedom", mpaka linageuka wimbo. Anapoondoka, vazi limemganda mgongoni kwa jasho. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni kama chizi.

Sasa wakaja bendi ya Santana. Albamu yao ya kwanza ilikuwa hata haijaingia madukani. Mbele yao kuna shamba la mfuga ng'ombe huko Bethel, New York, limefurika watu kama laki nne, wengi hawawajui. Na wimbo wao "Soul Sacrifice" hauna maneno ya kuwabembeleza. Ni tumba zinajibizana, kinanda kinanguruma, gitaa linachoma, halafu wote wanajitoa na kumwachia mpiga dramu, Michael Shrieve, kijana wa miaka 20. Anashuka chini, chini kabisa, mpaka unasogelea spika. Kisha anaanza kupanda. Aliyewahi kukesha ngomani anajua: kuna mahali mwili unatangulia kujua kwamba sasa inapasuka. Nilikuwa nimeshanyanyuka kitini. Ndipo:

"WEKA MKEKA WAKO SASA!"

Kubeti! Jamaa na jezi yake anachekelea kwenye TV yangu, sauti mara mbili ya muziki. Nikarudisha nyuma, tangazo likaja palepale. Nikarudisha tena, palepale. Thelma Schoonmaker na wahariri wenzake wa filamu hii walihangaika na lundo la mikanda wakipima kila mkato, halafu mtu ofisini anapachika mkeka katikati ya roho ya mtu.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki wa kusubirisha, bonyeza moja, bonyeza tatu, hatimaye binti.

"Baba, hiyo video ni ya lini kwani?"

"Ya 1969."

Akacheka. Wallahi alicheka. "Sasa baba, si uangalie vitu vipya tu? Vipya havina matangazo."

Mwanangu, mimi nimelipa! Nikakata simu kabla sijasema neno la kujutia. Hela hawajarudisha mpaka leo, wala sikuomba, maana ningeambiwa nibonyeze tano.

Haya, sitaki kudhulumu. Usiku uleule nilirudi, kwa hasira tu, nikaruka mpaka mwisho. Jumatatu asubuhi, watu wengi wameshaondoka, uwanja ni matope na takataka, na Jimi Hendrix anaupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa linalolia kama ndege za vita. Picha safi, sauti safi, hakuna tangazo hata moja. Nilikaa kimya muda mrefu, chai ikapoa. Kwa hilo naongeza, ziwe nyota tatu.

Mbili. Nimekumbuka kile kicheko.

Na kifurushi kimejilipisha tena mwezi huu, sijui nikizimie wapi. Kama kuna mwenye DVD ya filamu hii, ile halisi na si ya kurudufu, aniambie bei. Nitaifuata hata kama yuko Mbagala.