Kitabu kidogo cha kanuni za Robert: je, kinaufaa mkutano wa chama Nairobi?

Mkutano wa chama unaweza kula saa mbili nzima watu wakibishania jambo ambalo hakuna aliyelitoa kama hoja, yaani pendekezo rasmi la kupigiwa kura. Ugonjwa huo ndio unaotibiwa na Robert's Rules of Order Newly Revised In Brief, toleo la 3 la mwaka 2020. Kimechujwa kutoka kwenye kitabu kikubwa chenye kurasa zaidi ya 700, na kanuni zenyewe za kuendesha mikutano zilichapishwa kwanza mwaka 1876 na Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani. Kwa mwenyekiti au katibu wa Sacco ya matatu, chama cha akina mama au umoja wa wakazi wa mtaa, tunakipendekeza bila kusita.

Utamu wake uko kwenye safari ya hoja. Tuseme kikundi cha Kayole kinataka kununua tenti na viti. Mwanachama anasimama: "Natoa hoja kwamba kikundi kinunue tenti 2 na viti 100." Mwingine anaunga mkono. Mwenyekiti anairudia hoja neno kwa neno, mjadala unafunguliwa, kura inapigwa, matokeo yanatangazwa. Hatua ni sita, na wenyeviti wetu wengi huiruka ya tatu. Kabla hoja haijarudiwa na mwenyekiti, aliyeitoa anaweza kuibadilisha au kuiondoa apendavyo. Ikisharudiwa, ni mali ya mkutano. Ukiiruka hatua hiyo, kila mmoja anajadili hoja iliyo kichwani mwake, na katibu anabaki na kalamu hewani.

Akitokea anayetaka viti 150, hayo ni marekebisho. Nayo yaungwe mkono, yajadiliwe, yapigiwe kura kwanza. Hapa ndipo vikundi vingi huteleza: marekebisho yakipita, watu wanapiga makofi na kuhamia ajenda inayofuata. Kumbe kilichokubaliwa ni idadi ya viti tu! Ununuzi bado. Mwenyekiti lazima arudi kwenye hoja nzima kama ilivyorekebishwa na kuiitia kura yake.

Sehemu ya kufunga mjadala pia imeelezwa vizuri. Mtu akipaza sauti "Tupige kura!", mwenyekiti hana ruhusa ya kuwakata wengine kwa sababu hiyo. Kufunga mjadala ni hoja inayojitegemea: inahitaji kuungwa mkono, haijadiliwi, na hupita kwa theluthi mbili ya kura zilizopigwa. Kura zikiwa 24, zinatakiwa 16, waliojizuia hawahesabiwi. Kiwango kimepandishwa kwa kuwa unawanyima watu haki ya kusema.

Makatibu wasome sura yao mara mbili. Kumbukumbu huandika lililoamuliwa, wala si hotuba za watu. Jina la mtoa hoja linaandikwa, la aliyeunga mkono si lazima. Huku kwetu tumezoea mmoja apendekeze kumbukumbu zithibitishwe na mwingine aunge mkono. Kwa Robert, mwenyekiti anauliza kama kuna masahihisho, na yasipokuwepo, anatangaza kuwa zimekubaliwa.

Bodi au kamati yenye wajumbe wasiozidi kama 12 ina masharti mepesi: hoja haihitaji kuungwa mkono, na mwenyekiti mwenyewe anaweza kutoa hoja, kuchangia na kupiga kura. Chama kidogo kikiupenda utaratibu huu kwa mikutano yake yote, kiuandike kwenye katiba yake.

Kasoro zipo. Lugha ni Kiingereza, na maneno ya mwenyekiti, ambayo ndiyo moyo wa kitabu, hayatamkiki vizuri ukiyatafsiri papo hapo mbele ya watu 40. Tiba iko hapa jijini: Bunge la Taifa lina Kanuni za Kudumu kwa Kiswahili. Chukua humo istilahi kama hoja ya nidhamu (kudai kanuni zifuatwe), akidi (idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwepo) na marekebisho, kisha uziandike kwenye karatasi moja ya mwenyekiti pamoja na "Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme la."

Usichanganye taratibu hizi mbili, lakini. Ibara ya 122 ya Katiba ya Kenya inamnyima kura Spika anayeongoza kikao cha Bunge. Kwa Robert, mwenyekiti ambaye ni mwanachama anaweza kupiga kura yake moja pale inapoweza kubadili matokeo. Kote kuwili kura zikilingana, hoja imeanguka. Katiba ya kikundi chako ikimpa mwenyekiti kura ya uamuzi zinapolingana, hiyo ndiyo itakayofuatwa, kwa sababu sheria ya nchi na katiba ya kikundi humtangulia Robert daima.

Na kwa wanaopigia kura hoja kwenye WhatsApp: kitabu kikubwa hakiutambui mjadala wa ujumbe wa maandishi kama mkutano. Washiriki lazima waweze kusikizana kwa wakati mmoja, na katiba iwe imeruhusu mikutano ya mtandaoni. Kifungu hicho kiingizeni kwenye katiba kabla ya mkutano mkuu ujao. Nakala mbili za kitabu zinatosha, ya mwenyekiti na ya katibu.