Mwaka mzima na JETAA: shughuli za kuhudhuria na za kuziacha zipite

Mtu anayerudi Marekani baada ya kufundisha Japani kupitia programu ya JET huingizwa kwenye orodha ya tawi la eneo lake la JETAA, chama cha waliomaliza programu hiyo, na muda si mrefu ratiba huanza kumfikia: tafrija ya kuwakaribisha waliorudi, semina, sherehe ya kufunga mwaka, kutwanga mochi (donge la mchele wa kunata), kutazama maua ya sakura, kuwaaga wanaoondoka. Kwenye karatasi zote zinavutia. Ukizipima kwa faida anayoondoka nayo mwanachama, zinapishana sana.

Kwa asiyeifahamu, JET ilianza mwaka 1987 ikiwa na washiriki 848 kutoka nchi 4, na wengi wao hadi leo huenda kama ALT, yaani walimu wasaidizi wa lugha. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, usiozidi miaka 5. Chama cha waliomaliza, JETAA, kiliundwa 1989 na sasa kina matawi zaidi ya 50 duniani. Nchini Marekani matawi hushirikiana kwa karibu na balozi ndogo za Japani. Uanachama kwa kawaida ni bure. Unachotoa ni kiingilio au gharama ya chakula kwenye shughuli fulani fulani.

Tuanze na shughuli bora ya mwaka, ambayo picha zake hazimvutii mtu: semina ya pensheni kwa waliorudi. Ukiwa na nafasi ya kuhudhuria kitu kimoja tu kati ya Agosti na Julai, hudhuria hiki.

Kila mshiriki hukatwa mchango wa pensheni kwenye mshahara. Akishaondoka, na kama alichangia miezi 6 au zaidi, anaweza kudai malipo ya mkupuo yaitwayo dattai ichijikin. Dai liwasilishwe ndani ya miaka 2 tangu alipoacha kuwa na anwani Japani. Hesabu yake si ngumu: wastani wa mshahara wa mwezi unaotambuliwa na bima huzidishwa kwa kiwango kinachotegemea miezi ya kuchangia. Miezi 12 ni mara 1.1, miezi 24 ni mara 2.2, miezi 36 ni mara 3.3. Tangu Aprili 2021 ukomo ni miezi 60, ambayo ni mara 5.5; kabla ya hapo hesabu ilisimama kwenye miezi 36, na bado kuna miongozo ya zamani inayozunguka yenye takwimu hiyo.

Mwenye wastani wa yen 300,000 aliyechangia miezi 24 anastahili yen 660,000. Hapo hapo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 20.42, yaani yen 134,772, na benki yake hupokea 525,228. Watu wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kodi ile inarudishwa. Malipo haya yanaweza kutozwa kama mafao ya kustaafu, ambayo yana msamaha wa yen 400,000 kwa kila mwaka wa utumishi, na usiopungua 800,000. Kwa mfano wetu msamaha unazidi malipo yenyewe, kwa hiyo zuio lote unaweza kudai urudishiwe. Dai hilo hufanywa ndani ya miaka 5 na mwakilishi wa kodi, nozei kanrinin, ambaye ni mtu yeyote anayeishi Japani na kukubali kazi hiyo: mwalimu mwenzako wa zamani, jirani, rafiki. Utamtumia ile hati halisi ya uamuzi wa malipo, naye ataipeleka ofisi ya kodi ya mahali ulipoishi mwisho.

Semina nzuri hukaa na fomu mezani na kuonyesha panapoharibika. Panaharibika hivi: mtu anatuma dai kabla ya kuondolewa kwenye daftari la wakazi la manispaa, nalo linarudishwa. Saini kwenye fomu haifanani na ya pasipoti. Benki ya Marekani haikugonga muhuri wala kutoa barua ya kuthibitisha jina la mwenye akaunti. Au mtu anaandika anwani ya wazazi, kisha anahamia mji mwingine wa kazi, na hati ya uamuzi inakaa sandukuni miezi mitatu. Hati hiyo itunzwe kama cheti cha kuzaliwa.

Kuna jambo moja ambalo semina nyingi hulipita haraka, na ni kosa. Marekani na Japani zina mkataba wa hifadhi ya jamii ulioanza kutumika Oktoba 2005, unaoruhusu miaka ya kuchangia ya nchi mbili kujumlishwa ili mtu afikie sifa ya pensheni. Ukichukua mkupuo, miezi yako ya Japani inafutika, na haihesabiwi tena. Kwa kijana wa miaka 24 mwenye deni la chuo uamuzi wa kuchukua fedha unaeleweka kabisa. Kwa aliyekaa miaka 5 na anayefikiria kurudi Japani, afadhali apige hesabu mara mbili. Mtoa semina asiyelitaja hili amefanya nusu ya kazi.

Tafrija ya kuwakaribisha waliorudi ni fupi na ya heshima, mara nyingi kwa mwaliko wa balozi mdogo. Nenda. Thamani yake iko kwenye kuonana ana kwa ana na watu waliorudi miaka 3 au 4 kabla yako na sasa wana kazi. Ndio watakaokuambia namna ya kuandika kazi ya ALT kwenye wasifu ili mwajiri asiyeijua aielewe. Ukikosa tafrija, tafuta kongamano la ajira, lakini angalia kwanza nani wamealikwa. Jopo la watu watano wote wa taaluma moja halimsaidii mwalimu anayetaka kuingia kwenye usafirishaji wa mizigo au tafsiri.

Vuli pia ndiyo majira ya maombi mapya, na matawi hutoa watu wa kuzungumza vyuoni na kusoma insha za waombaji. Huu ni mchango zaidi kuliko burudani. Insha haizidi kurasa 2, na msomaji anayejua kazi huiona mapema ile iliyojaa mapenzi ya katuni za Japani bila neno hata moja kuhusu darasa. Usaili hufuata majira ya baridi, na kwa kawaida kwenye jopo huwepo mtu aliyewahi kuwa JET. Ukiombwa kukaa kwenye jopo, kubali. Siku moja ya hapo inakufundisha mengi zaidi kuhusu programu kuliko tafrija kumi.

Desemba ina mambo mawili. Bonenkai, sherehe ya kufunga mwaka, ni chakula na vinywaji na kelele. Inatosha kusema kwamba ukumbi ukiwa na muziki mkubwa wageni wapya hukaa kimya pembeni. Jambo la pili lina uzito: mtihani wa Kijapani wa JLPT. Japani hufanyika Julai na Desemba, Marekani ni Desemba tu, Jumapili ya kwanza, kwa hiyo ukishindwa unangoja mwaka. Tawi linaloanzisha kikundi cha kujisomea Novemba limechelewa, maana hata usajili umeshafungwa. Kikundi kianze Juni, kikitenganisha wa kiwango cha N3 na wa N2 kilicho juu yake, kwa sababu hapo katikati ndipo watu wengi hukwama na kukata tamaa.

Januari ni kutwanga mochi, na hapa tutakaa kidogo, maana ndiyo sherehe pekee ya mwaka ambayo tungesafiri mbali kuifuata, ikiandaliwa sawasawa.

Mchele ni ule wa kunata, mochigome. Wa kawaida hautakubali hata ukitwangwa mpaka jioni. Kilo 1.5 hutoa takriban vipande 40 vya gramu 50. Huloweshwa usiku kucha, huchujwa, hupikwa kwa mvuke dakika 40 hadi saa nzima, mpaka punje ibonyee kati ya vidole bila kiini kigumu. Huku nyuma kinu kimejazwa maji ya moto, na nyundo za mbao zimelala majini tangu jana yake. Kinu baridi hunyonya joto la mchele na mochi hutoka na punje. Nyundo kavu huacha vibanzi vya mbao ndani ya chakula. Kosa linaloonekana karibu kila mwaka ni kupiga mara tu mchele unapomwagwa. Punje huruka mpaka kwenye nguo za watu. Kwanza watu wawili huuzunguka mchele wakiuegemea kwa uzito wa mwili, wakiukanda kwa kichwa cha nyundo hadi ushikamane. Ndipo mapigo yanaanza. Anayegeuza analowesha mkono kwa maji ya vuguvugu na kukunja donge kuelekea katikati baada ya kila pigo, na ni sauti yake inayoongoza mdundo. Maji yakizidi, mochi inakuwa uji.

Vipande vikatwe vidogo kwa wazee na watoto, chai iwe karibu, na mtu aelezwe waziwazi kwamba mochi hukaba koo. Japani hupoteza watu kwa sababu hiyo kila mwaka mpya. Unga wa kinako unaonyunyizwa juu ya mochi ni wa soya, kwa hiyo uwe na sahani yake na kibandiko, kwa ajili ya wenye mzio.

Machi 11 matawi mengi hukumbuka tetemeko na tsunami ya 2011. Walimu wawili wa JET walifariki siku ile: Taylor Anderson huko Ishinomaki na Montgomery Dickson huko Rikuzentakata. Familia ya Anderson ilianzisha mfuko wa kumbukumbu, na shule za Ishinomaki zikapata makabati ya vitabu yaitwayo Taylor Bunko. Kumbukumbu iliyo bora ni fupi: majina yasomwe, ukimya, kisha taarifa ya wapi michango ya mwaka uliopita ilifika. Kuiunganisha na bahati nasibu au mnada wa chupa, kama inavyotokea mahali pengine, kunaumiza. Michango ikusanywe siku nyingine.

Hanami, kule kutazama maua ya sakura majira ya kuchipua, huharibiwa na jambo moja: tarehe kupangwa Januari. Washington, ambako miti 3,000 ililetwa kama zawadi ya Tokyo mwaka 1912, kilele huhesabiwa pale asilimia 70 ya maua ya sakura aina ya Yoshino yanapofunguka, na kinaweza kuangukia katikati ya Machi au hata wiki ya pili ya Aprili. Tawi makini hutaja Jumamosi mbili na kuthibitisha moja siku chache kabla. Tena litajwe mapema kwamba bustani nyingi za umma hazikubali pombe, ili mtu asibebe sake bure.

Mafunzo elekezi ya Juni na Julai kwa wanaoondoka yanastahili alama za juu pale wazungumzaji wanapoacha kusimulia na kutoa maelekezo. Dawa ni la kwanza. Adderall, dawa ya tatizo la umakini (ADHD), ni marufuku Japani hata ukiwa na barua ya daktari, na dawa za maagizo zinazozidi mwezi mmoja zinahitaji kibali cha kuingiza, yunyu kakunin-sho, kinachoombwa kabla ya safari. La pili ni gari: kibali cha kimataifa cha udereva hudumu mwaka mmoja, na ili kubadilisha leseni kuwa ya Kijapani baadaye lazima uthibitishe uliishi Marekani miezi 3 baada ya kuipata, kwa hiyo leseni iliyofanywa upya wiki moja kabla ya ndege huleta usumbufu, beba na ya zamani. La tatu ni akiba ya kukufikisha hadi mshahara wa kwanza mwishoni mwa Agosti. Meza zipangwe kwa mkoa waendako, Hokkaido na Hokkaido, Okinawa na Okinawa, kila meza ikiwa na mtu aliyewahi kuishi huko.

Lalamiko la haki ni umbali. Ubalozi mdogo wa Denver peke yake unahudumia Colorado, Utah, Wyoming na New Mexico. Aliye Salt Lake City yuko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka hapo, na hanami ya Denver kwake ni picha tu. Semina ya pensheni inafaa kabisa kwa video, irekodiwe na fomu zitumwe mapema, lakini mochi haiwezekani.

Kuna pengo jingine, ambalo halihitaji ukumbi wala ruzuku. Mwakilishi wa kodi ni rahisi kumpata na kumsajili ukiwa bado Japani, unaweza kwenda naye ofisini kabla ya kuondoka. Semina inafanyika Oktoba, wakati walengwa wameshatua. Barua moja ya ukurasa mmoja, itumwe Mei kwa wote wa eneo lile ambao hawakuongeza mkataba: andaa mwakilishi, jaza fomu, fika ofisi ya kodi kabla ya wiki ya mwisho ya Julai, nakili namba yako ya pensheni, jiondoe kwenye daftari la manispaa.