TAHADHARI: GTX 1050 Ti ya Kariakoo, ndani ni 550 Ti

Ndiyo, ni ile ile kadi ya picha mnayoulizana tangu jana kama ni halali. Kadi iliyofungwa kwenye mashine ya studio ni feki. Sisemi mbovu, nasema FEKI. Na mazabodi (motherboard) iliyokuja nayo kwenye kombo siyo ya chipseti ya X99, ile ya Intel ya mashine kubwa, kama ilivyoandikwa ubaoni. Na aliyeikagua pale dukani akasema "hii safi, lipeni" ni mimi, huyu huyu ninayewaambiaga watu wasinunue kitu bila kunionyesha. Chekeni mmalize, halafu msome mpaka mwisho, kwa sababu jamaa aliyetuuzia bado anauza. Leo asubuhi ameweka kadi nyingine sita kwenye status ya WhatsApp.

Jinsi mchezo ulivyochezwa. Pale dukani mashine tuliikuta imeshawaka. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu aliyelala vizuri, maana kadi ya aina hii haiwezi kuonyeshwa kwa kuchomekwa mbele yako na kuwekewa draiva upya. Lazima ikutwe imeshatengenezwa. Akafungua Device Manager, Display adapters, ikasoma NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti. Akafungua dxdiag, jina lile lile. Akafungua NVIDIA Control Panel, kumbukumbu 4096 MB. Madirisha matatu, jibu moja, na yeye kila akifungua ananitazama usoni kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi aelewe. Nami nikaelewa, mjinga mimi. Madirisha yote matatu yanasoma kitu kimoja tu: kile ambacho bayosi ya kadi (programu iliyoandikwa ndani ya kadi) na draiva (programu ya Windows ya kuiendesha) vimefundishwa kusema. Ni sawa na kumuuliza mtu jina lake mara tatu kisha ukasema umemhakiki.

Halafu akawasha PES 2013, ile yenye jezi za Simba na Yanga. Iliteleza kama mafuta. Ingekosaje kuteleza? Ni gemu la 2012 kwenye kadi ya 2011. Dakika kumi za mpira, feni haisikiki, joto halijafika hata nyuzi 60, na wenzangu wawili waliokuwepo wanasema "mzigo huo".

Sasa kwa nini niliamini, na mimi kadi hizi nimeshazifungua nyingi? Kwanza bei. Kwa kadi alitaka laki mbili na nusu, akashuka kwa shida mpaka laki mbili na thelathini. Angeniambia laki moja ningeondoka. Tapeli mwenye akili haweki bei ya chini sana, anaweka ile ile ya sokoni ili usiulize. Pili kichwa cha umeme. Kadi ilikuwa na pini 6, na 1050 Ti inakula wati 75 tu, ambazo sloti ya PCIe, ile kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, inazitoa yenyewe bila waya wa pembeni. Nilimuuliza. Akajibu ni toleo lililoongezewa kasi, na kweli yapo matoleo halali ya 1050 Ti yenye pini 6, nimeyashika kwa mikono yangu. Ndiyo maana jibu lake nililimeza. Ila 550 Ti inakula wati 116, na hiyo pini 6 ilikuwepo kwa sababu bila hiyo kadi isingewaka!

Tatu ni hili ambalo nikilikumbuka natamani kujificha chini ya meza: kadi ilikuwa na tundu la VGA, lile la picha ya analogi la monita za zamani. Chipu za Nvidia za familia ya Pascal, yaani mfululizo wote wa 10, haziwezi kutoa picha ya analogi zenyewe. Tundu lake la DVI ni la dijitali tu. Ukiona VGA kwenye 1050 Ti, ama kiwandani wameweka chipu ya kubadilisha picha, na hizo ni chache, ama unatazama kadi ya zamani iliyovalishwa kanzu mpya. Jamaa akasema "hii wameiwekea kwa ajili ya monita zetu za mtumba", na mimi nikaona ni jambo la busara. Kumbe busara ilikuwa yake peke yake.

Studio waligundua wenyewe, tena kwa OBS, programu ya kurekodi skrini. Walitaka kurekodi kwa NVENC, enkoda ya video iliyo ndani ya kadi za Nvidia, ili prosesa ipumue, na kwenye orodha ya enkoda NVENC haipo. Wakadhani ni draiva, wakashusha mpya kutoka Nvidia, ikagoma katikati, skrini nyeusi. Wakawasha upya, ikarudi kwenye picha kubwa kubwa za kadi isiyo na draiva. Draiva aliyokuwa ameweka muuzaji ilikuwa 391.35 ya Machi 2018, ambayo ndiyo ya mwisho Nvidia kuitoa kwenye Windows kwa chipu za Fermi, familia ya 550 Ti. Kadi ya 1050 Ti halali haina sababu hata moja ya kukwama hapo. Na Fermi haina NVENC kabisa, NVENC ilianza na Kepler, familia iliyofuata. Vulkan, njia mpya ya programu kuongea na kadi, nayo haina.

GPU-Z, programu ndogo inayosoma chipu yenyewe, ikamaliza kesi ndani ya sekunde mbili. Mbele ya jina imeandika [FAKE], na pale panapokaa nembo ya Nvidia imeweka pembetatu ya alama ya mshangao. Mstari wa GPU unasema GF116, ambayo ndiyo chipu ya 550 Ti. Technology 40 nm. Shaders, yaani kori za kuchora picha, 192. Kadi halali ya 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, ni GP107, 14 nm, shaders 768. Tumeuziwa robo ya kori, tena kori za kizazi kilichopita zamani. Tulipofungua hiti sinki (kipoza joto) kwa bisibisi na kufuta grisi ya joto, juu ya chipu pameandikwa GF116-400-A1, wazi kabisa. Aliyeflashi bayosi hakuhangaika hata kukwangua maandishi, alijua hakuna mnunuzi anayefungua.

Zile GB 4 nazo ni maneno ya bayosi. Chipu za kumbukumbu zilizo kwenye ubao jumla yake ni GB 1. Ndiyo maana mpira ulicheza na dxdiag ilifurahi, lakini ukifungua mradi wa video wa 4K wenye rangi na tabaka mbili tatu, draiva inajaza GB ya kwanza, inavuka kwenda kwenye nafasi ambayo haipo, picha inaparaganyika vipande vya kijani na zambarau, mashine inajizima. Studio walipoteza kazi ya harusi ya saa nne kwa namna hiyo. Waliidhani paua saplai.

Mazabodi nisiirefushe. Imeandikwa X99 kwa herufi kubwa, na inapowaka inaonyesha nembo ya X99, ikiwa na prosesa ya Xeon E5-2680 v4 juu yake. Prosesa ni halali, kori 14, sina neno nayo. Lakini fungua CPU-Z, programu ya kusoma prosesa na mazabodi, ukurasa wa Mainboard, mstari wa Southbridge: H81. Hiyo ni chipseti ya mazabodi za ofisini za i3. Ina SATA (matundu ya diski) nne tu, na mbili kati yake ndizo za kasi ya 6 Gb/s, wakati X99 halali ina kumi. Na pamoja na kuchomeka RAM nne, ukurasa wa Memory unasema Dual, yaani chaneli mbili za RAM, wakati prosesa ile inabeba chaneli nne. Wachina wanazitengeneza hivi kwa wingi kwa chipu zilizong'olewa kwenye mazabodi za zamani, na nitasema kweli, kwa mtu anayejua anachonunua na kulipa bei yake, siyo bodi mbaya. Kosa ni kuiuza kwa bei ya X99 halali na kuapa kwa jina la mama yake.

Na huyu bwana ANAJUA. Asije mtu hapa kumtetea kwamba naye aliuziwa. Mtu asiyejua hawashi mashine kabla ya mteja kufika. Mtu asiyejua hang'oi waya wa intaneti ili Windows isishushe draiva yenyewe. Nilipouliza mbona hakuna mtandao, akasema bando limeisha, na simu yake mkononi inacheza TikTok! Mtu wa namna hii afungiwe duka, mzigo wote ubebwe na Tume ya Ushindani uchomwe hadharani kama wanavyochoma bidhaa bandia nyingine, na yeye asimame pale ashike kiberiti. TRA, watu wa kodi, nao wapite, kwa sababu risiti ya mashine ya EFD hakutoa. Alitoa kikaratasi cha kuandika kwa mkono. Wanaosema "msamehe, ni kijana anatafuta" wakamchangie wao zile laki nne na themanini za kombo, ndipo tuzungumze msamaha.

Kwa mnaokwenda kununua wiki hii, maana najua wapo: usikubali mashine iliyokwisha kuwaka. Izimwe, kadi ichomolewe uishike, utazame matundu na pini, ichomekwe tena. Nenda na flashi yako yenye GPU-Z, isiwe ya zamani, kwa sababu utambuzi wa kadi feki uliwekwa kuanzia toleo la 2.12 la 2018. Soma GPU, Technology na Shaders, jina liache. Washa hotspot yako, weka draiva mpya mbele yake. Akianza kusema itaharibu mashine, ondoka. Kisha ikamue kwa FurMark, programu ya kuibebesha kadi mzigo mzito, dakika 10, halafu kitu kinachojaza kumbukumbu yote. memtest_vulkan ni ndogo na inatosha, na kwenye Fermi haitafanya kazi hata kidogo, ambalo nalo ni jibu.

Kwenye ile status yake kuna RX 580 tatu, kadi za AMD. Sijazishika, kwa hiyo sizitaji kuwa feki, ila halali ni shaders 2304. Ukisoma 2048, hiyo ni 2048SP, kwa lugha nyingine ni RX 570, lipa bei ya 570. Nyingi za aina hiyo zilizojaa sokoni zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mpaka Septemba 2022 uchimbaji wake kwa kadi ulipofutwa, na bayosi zake zimebadilishwa kasi za kumbukumbu. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, wakati kadi inakamuliwa, tafuta mstari wa GPU Memory Errors. Ikitoka sifuri ikaanza kupanda, kumbukumbu imechoka au imelazimishwa. Na mwenye kuuziwa "1060 ya GB 6" isiyo na tundu hata moja la monita, hiyo ni P106-100, kadi ya kuchimbia sarafu.

Kwa mazabodi, tochi ya simu ukiilaza pembeni ya soketi, pini zote zing'ae mistari iliyonyooka. Penye doa jeusi kuna pini imelala. Mengine CPU-Z nimeshasema.

Nimempigia mara tatu. Mara ya kwanza akasema tumebadilisha kadi njiani. Mara ya pili simu ikakatwa, ya tatu nimeblokiwa. Kile kikaratasi kinasema "vifaa vya kompyuta 2, vimekaguliwa na mteja, havirudishwi", na sahihi ya mteja iliyopo pale ni yangu. Kadi iko studio ndani ya boksi lake, hiti sinki imeachwa wazi ili maandishi ya chipu yaonekane. Aliyeuziwa na mtu huyo huyo aje na picha ya GPU-Z na kikaratasi chake, Jumatatu saa tatu tunakwenda Tume ya Ushindani pamoja.