Fonti nene za vichwa na mabango: ipi uanze nayo, ipi ulipie

Ukitafuta fonti nene isiyo na vijimkia kwenye ncha za herufi kwa ajili ya bango, jalada au kichwa cha ukurasa, unene wenyewe usikuumize kichwa. Zote ni nene. Angalia matundu, yale macho ya ndani ya a, e, B na 8. Yakiwa madogo mno, neno likitazamwa kwa mbali linakuwa bonge jeusi. Kisha angalia upana. Maneno yetu ni marefu, na "yanayoendelea" kwa fonti pana halienei kwenye mstari mpaka ulipunguze na nguvu yote iishe.

Jaribu kwa kichwa chako halisi, si kwa alfabeti ya maonyesho. Kama kina ng', tazama kile kialama: kwenye fonti nzito mara nyingi huacha pengo linaloligawa neno vipande viwili, na itabidi uisogeze herufi inayofuata kwa mkono.

1. Anton. Ya kwanza kwangu, na ni ya bure. Vernon Adams aliichora kwa kufuata herufi za matangazo ya zamani: umbo limebanwa, wino ni mwingi, na herufi ndogo ni ndefu kiasi kwamba mistari inakaa karibu karibu bila kuchosha jicho. Leseni yake ni SIL Open Font, inayokuruhusu kuitumia hata kwenye kazi ya kulipwa. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti peke yake. Ina uzito mmoja tu, kwa hiyo usiibonyezee kitufe cha B. Programu haitapata nakala nene zaidi, itazivimbisha herufi yenyewe, na matundu yataziba. Mabango mengi huharibikia hapo hapo.

2. Archivo Black, ya Omnibus-Type. Nayo ni bure, ila ni pana. Kwa neno fupi kama SASA au BURE inaishinda Anton. Kwa sentensi, hapana.

3. Bebas Neue, ya Ryoichi Tsunekawa. Haina herufi ndogo kabisa: andika utakavyo, zitatoka kubwa. Ni safi, ila si nzito kama hizo mbili, na imetumika kila mahali hadi imezoeleka.

4. Druk, ya Berton Hasebe, inauzwa na Commercial Type. Kwa uzuri ningeiweka ya kwanza. Imeshuka kwa sababu wengi hawaihitaji. Unacholipia ni ukoo mzima, kuanzia herufi zilizobanwa sana hadi zilizotanuka, zote zikiwa na sura moja. Jarida au kampuni yenye kazi nyingi itaona faida yake. Mwenye bango moja, pesa yako ina kazi nyingine. Leseni ya kompyuta, ya tovuti na ya programu ya simu ni vitu tofauti, basi piga hesabu ya zote kabla ya kulipia ya kwanza.

5. Impact. Geoffrey Lee aliichora, ikatoka mwaka 1965, na si fonti mbaya. Tatizo ni picha za utani za mtandaoni: msomaji akiiona anasubiri kucheka. Halafu, kuja kwake na Windows hakukupi ruhusa ya kupakia faili lake kwenye seva ya tovuti yako.