Panda wa Haridwar alivyotupatia babu: nyota nne

Kama ukoo wako ni wa kaskazini mwa India na hujawahi kwenda kwa mapanda (makuhani wanaotunza madaftari ya koo) wa Haridwar, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganga, nenda. Mi nilimsindikiza tu rafiki yangu Mpunjabi, babu yake alikimbia Lyallpur 1947 India ilipogawanywa (siku hizi ni Faisalabad, iko Pakistan) na hakutoka na karatasi hata moja.

Panda ni kuhani wa mahujaji, kila familia ya mapanda ina koo zake, baba anamrithisha mwanae. Watu wakileta majivu ya marehemu mtoni Ganga, panda anaandika nani kafa, nani kaja, mtoto wa nani. Hadithi yao inasema mfalme Bhagiratha ndo aliushusha mto toka mbinguni uguse majivu ya wazee wake 60,000, kwa hiyo daftari la wafu kukaa pale mtoni wala haishangazi.

Kazi ni kumpata. Pale Har ki Pauri, kwenye ngazi za kushukia mtoni, vijana wanakuvamia "kijiji gani, jati (tabaka) gani", mmoja katuzungusha saa nzima kumbe hahusiki. Yule wa kweli ni mzee hana haraka, kusikia Lyallpur akacheka, eti huko vijiji ni namba tu, watu walihamia mifereji ilipochimbwa, kabla ya hapo mlikuwa wapi? Rafiki hajui. Ikabidi ampigie shangazi yake, shangazi akataja kijiji cha Jalandhar, Punjab upande wa India, bila hata kufikiri.

Basi bahi ikashushwa, daftari refu jembamba limeviringishwa na kitambaa, na dakika 20 hivi mzee akaweka kidole: 1938, babu kaleta majivu ya baba yake, yuko na mdogo wake. Mdogo wake yupi jamani, nyumbani miaka yote wanaambiwa babu alizaliwa peke yake! Sahihi yake ipo kwa Kiurdu, enzi hizo shule za Punjab ndo walifundisha hicho, mjukuu hawezi kuisoma, akawa anaipapasa tu mpaka mzee akamwambia mwanangu, wino huo.

Nyota moja nimekata kwa sababu ukoo unafuata wanaume, bibi yake hatujamwona popote. Na bei hawakutajii, "toa kwa moyo", ukitoa rupia 501 anaziangalia kwanza, tukaishia 1,101, ile moja ya mwisho ni ya baraka. Risiti sahau.

Mwisho unaandikwa na wewe. Rafiki akataja mabinti zake wawili, mzee akasita, akachovya kalamu akawaandika wote. Ukienda mpigie shangazi kabla hujapanda treni.