Tagi za ghala: waambie walete katoni iliyojaa

Malalamiko ninayoletewa na watu wa stoo, Vingunguti hadi Kurasini, yanafanana: mfumo wa kuhesabu mizigo kwa tagi umefungwa, antena za kuzisoma zinaning'inia mlangoni, na bado mwisho wa mwezi katoni za juisi zinahesabiwa kwa kidole. Wengi wanalaumu antena. Mimi nalaumu juisi.

Tagi ya kawaida ya RFID ya UHF, yaani lebo yenye chipu inayosomwa kwa mawimbi ya redio, haina betri. Huamshwa na mawimbi ya kisomaji. Maji huyanyonya mawimbi hayo, bati huyarudisha. Lebo inayosomeka mita kadhaa ikiwa kwenye boksi tupu, ukiibandika kwenye kopo la nyanya huenda isisomeke hata kwa karibu. Wauzaji wanalijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana siku ya maonyesho wanakuja na maboksi matupu, wanayapitisha mlangoni, kila tagi inaitika, bosi anatia saini. Wakatalie. Wapange paleti ya bidhaa zako mwenyewe, zimejaa, tabaka juu ya tabaka, kisha wasome katoni ya katikati.

Hata hivyo, kati ya njia za kufuatilia mizigo, RFID ya UHF ndiyo naiweka juu, ila kwa vinywaji ubandike paleti ya mbao, si kila katoni. Kwa bati kuna tagi maalumu zenye tabaka linaloitenga antena na chuma. Ni ghali zaidi, lipa tu. Kisomaji nachukua Zebra RFD40, na upendeleo wangu sifichi: kinashikana na kompyuta ya mkononi, unapita nacho kati ya rafu ukiitafuta tagi iliyojificha.

UWB, redio ya masafa mafupi yenye bendi pana sana, ni ya pili. Hupima muda wa mawimbi kusafiri, ikakuonyesha foklifti ilipo kwa tofauti ya sentimita 10 hadi 30 hivi. Kwa foklifti inafaa. Ukiifunga kwa kila mzigo utafilisika.

Bluetooth ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, yaani inakutuma rafu ya jirani. Nayo maji huisumbua, hata miili ya makuli.

Bakodi? Rahisi, inafanya kazi, mradi mtu aione lebo.

Halafu bei. Tangu Machi 2025 kanuni Tanzania zinakataza kutaja bei za ndani kwa fedha za kigeni, lakini profoma (ankara za awali) ninazotumiwa bado zina dola, na ada ya programu ya kila mwaka imejificha ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo. Mwambie muuzaji aiandike ukurasa wa kwanza, kwa shilingi, pamoja na bei ya tagi za akiba, maana zitabanduka.