Mkopo wa kuweka hisa dhamana Marekani: hela fasta, ila isome ile karatasi ya udhibiti

Wadau mlioko huku Marekani na mnajenga nyumbani, benki siitaji ila huduma naisema ilivyo. Unaweka akaunti yako ya hisa iliyoko kwa broka iwe dhamana, huuzi hata hisa moja kwa hiyo kodi ya faida haikugusi, benki inakufungulia mkopo unachota kidogo kidogo kadiri ujenzi unavyoenda. Hela inaingia haraka kweli na riba iko chini sana kuliko ya kredit kadi. Hapo sina neno.

Shida ni mkataba wa udhibiti, ule mnaosaini watatu, wewe, benki na broka. Ofisa alinieleza riba na marejesho weee, karatasi hii akaisogeza tu nisaini. Sasa isome mstari kwa mstari, utakuta broka anakubali kufuata maagizo ya benki bila kukuomba ridhaa tena. Yaani hisa zina jina lako, unanunua na kuuza kama kawaida, lakini kisheria benki imeshazishika tayari, na UCC, ile sheria ya biashara inayofuatwa na majimbo ya Marekani, inaruhusu kabisa. Tena mwenye udhibiti anamshinda mdai aliyesajili tu dai lake hata kama huyo alitangulia, ndo maana benki haitoi hela bila hiyo saini. Na kama anayekukopesha ndo broka wako mwenyewe, udhibiti anao moja kwa moja, huo mkataba wa watatu hata hauhitaji.

Soko likishuka wanakudai uongeze dhamana, ukishindwa wanauza, na kwa hisa zinazouzwa kwenye soko kama la New York sheria haiwabani wakupe notisi kwanza. Jambo zito hivi mteja anatakiwa aambiwe kwa mdomo jamani, sio alikute ukurasa wa nyuma! Muulizeni pia kama mtaruhusiwa kuuza wenyewe au akaunti inafungwa tangu mwanzo, maana mikataba ipo ya aina zote mbili.

Kwa jumla nawapa nyota tatu, moja wameikosa kwenye kuachia dhamana. Deni nimemaliza, napiga simu naambiwa subiri. Nilipoandika barua kwamba nimelipa lote na mkopo ufungwe nisichote tena ndo wakashtuka, maana wakishapokea barua ya hivyo sheria inawapa siku 10 wamwandikie broka kwamba wameachia.